Kupanga na Kuzipa Majina Faili za Kompyuta: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hujirudia kila ninapokaa na watu wanaotunza nyaraka: makarani, walimu, wanafunzi wanaoandika tasnifu, wapiga picha, watunza hazina wa vikundi. Kompyuta zao hazifanani, lakini shida ni ile ile. Faili ipo na haionekani, au zinaonekana tano na hakuna anayejua ipi ndiyo yenyewe. Msimamo wangu utaukuta karibu kwenye kila jibu: jina la faili lijitosheleze. Mtu akiikuta faili peke yake, nje ya folda yake, kwenye flashi au kwenye kiambatisho cha barua pepe, ajue ni nini kabla ya kuifungua.

Kompyuta ina kisanduku cha kutafutia. Kuna haja gani ya kupanga?

Kisanduku hicho hukuletea kile unachokumbuka. Ukikumbuka neno "ripoti" tu, utaletewa kila ripoti iliyowahi kupita kwenye kompyuta yako, na kazi ya kuchagua inabaki kwako.

Tena kuna faili ambazo ndani hazina maneno ya kutafutika. Barua iliyoskaniwa, kama hakuna programu iliyoyatambua maandishi yake, kwa kompyuta ni picha tu. Jina lako linaweza kuwemo kila aya na utafutaji usilione hata mara moja. Rekodi za sauti na video ni hivyo hivyo. Kwa faili za namna hii, jina ulilolipa ndilo neno pekee ambalo utafutaji unaweza kulishika.

Halafu kuna wenzako. Wewe unajua kwamba "scan0043" ni risiti ya printa kwa sababu uliiskani mwenyewe. Atakayekaa kwenye kiti chako ukiwa likizo hajui, na hana namna ya kujua bila kufungua zote kuanzia 0001.

Jina zuri la faili linakuwaje?

Tuangalie mfano mmoja kwa karibu. Mtu ameandika barua ya kuomba likizo, akaihifadhi kwa jina "barua mpya". Baada ya miezi michache folda yake ina haya:

barua mpya.docx
barua mpya 2.docx
barua mpya (1).docx
Nakala ya barua mpya.docx
barua mpya mwisho.docx

Hapo ipi ni ya likizo? Ipi ilitumwa? "(1)" iliwekwa na kompyuta yenyewe kwa sababu faili ilipakuliwa mara ya pili, "2" iliwekwa na mwenye faili akiwa na maana ya barua nyingine kabisa, na "Nakala ya" ilizaliwa mtu aliponakili na kubandika. Majina matatu yanayofanana, kila moja na sababu yake, na hakuna sababu hata moja iliyoandikwa popote. Barua ile ingeitwa hivi:

2025-03-14_maombi-ya-likizo_idara-ya-fedha_r01.docx

Tarehe inasema ni ya lini. Sehemu ya pili inasema ni nini, ya tatu inasema inamhusu nani, na "r01" inasema ni rasimu ya kwanza. Kistari cha chini kinatenganisha sehemu na sehemu, kistari cha kawaida kinatenganisha maneno ndani ya sehemu moja. Ukizoea, jicho linazisoma sehemu hizo bila kusita.

Si lazima tarehe itangulie. Kitangulie kile unachokitumia kutafuta. Kama kazi yako ni ya wateja na kila siku unauliza "iko wapi ya fulani?", basi jina la mteja au namba yake ije mbele na tarehe ifuate. Ila ukishachagua mpangilio, ushike huo huo kwa faili zote za aina hiyo. Mpangilio wa kawaida tu unaofuatwa kila siku una faida kuliko mpangilio bora unaofuatwa Jumatatu peke yake.

Maneno nayo yachague mapema. Hapa ndipo watu wengi wanaponasa bila kujua. Leo umeandika "kikao", wiki ijayo "mkutano", mwezi ujao "mkt". Vyote ni kitu kimoja kichwani mwako, lakini utafutaji utakuletea theluthi ya faili zako na utadhani zilizobaki zimepotea. Chagua neno moja. Kama wenzako wanasema "kikao", liwe "kikao" hadi mwisho.

Na kuna maneno ya kuyaacha kabisa: mpya, muhimu, yangu, hati, kazi, mwisho. Hayasemi kitu. Kila faili ilikuwa mpya siku ilipozaliwa.

Kwa nini tarehe ianze na mwaka?

Kwa sababu kompyuta hulinganisha majina herufi kwa herufi kutoka kushoto. Ukianza na siku, tarehe 01 za miezi yote na miaka yote zitajipanga pamoja, zikifuatwa na 02 zote, na mfuatano wa matukio unavurugika. Ukianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, alfabeti na kalenda zinakwenda sambamba. Mtindo wa 2025-03-14 ndio uliomo kwenye kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1988, na unaondoa utata pia: 04-05-2025 kwa Mwingereza ni tarehe 4 Mei, kwa Mmarekani ni tarehe 5 Aprili. Usisahau sifuri. Machi ni 03, si 3.

Lakini kompyuta tayari inaonyesha tarehe ya kila faili. Kwa nini niiandike tena?

Kompyuta inaandika tarehe ya mambo yake, si ya mambo yako. Kwenye Windows, ukinakili faili kwenda diski nyingine, tarehe ya kuundwa inakuwa siku ya kunakili, huku tarehe ya kubadilishwa ikibaki ile ya zamani. Ndiyo maana mara nyingine unaona faili iliyobadilishwa kabla haijaundwa. Barua ya mwaka 2019 uliyoiskani leo itaonyesha leo. Kiambatisho ulichokipakua asubuhi kitaonyesha asubuhi hii.

Andika tarehe ya jambo lenyewe. Muhtasari wa kikao cha tarehe 3 hubeba tarehe 3, hata kama uliuandika tarehe 9.

Nimezipa faili namba, mbona 10 inatangulia 2?

Ni ule ule ulinganishaji wa herufi kwa herufi: "1" iko kabla ya "2", kwa hiyo kila kinachoanza na 1 kinatangulia. Dirisha la faili la Windows na Finder ya Mac husoma namba kwa thamani yake, hivyo hapo huenda usione tatizo. Utaliona ukizipeleka kwenye seva, ukizipakia kwenye tovuti au ukizifungua kwa programu isiyo na hisani hiyo. Jaza sifuri mbele: 01, 02, 10. Ukitarajia kupita 99, anza na 001.

Kuna herufi zisizofaa kwenye majina?

Windows inazikataa hizi waziwazi: \ / : * ? " < > na |. Haikubali pia jina linaloishia kwa nukta au nafasi tupu. Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, inakataa mkwaju (/) peke yake kati ya herufi zinazoonekana, na Finder ya Mac inakataa nukta mbili (:). Maana yake ni kwamba faili iliyoitwa "Kikao: maazimio?" kwenye Linux itakwama siku utakapoihamishia kwenye Windows. Ukiishi na herufi, tarakimu na vistari viwili hivyo, faili yako inapita popote.

Nafasi tupu zinaruhusiwa, ila zina usumbufu wake. Kwenye anwani ya intaneti kila nafasi hugeuka %20, na "ripoti ya mwaka" inakuwa ripoti%20ya%20mwaka. Anayetumia kompyuta kwa kuandika amri naye analazimika kuifungia kila faili ndani ya alama za kunukuu. Kwa faili za nyumbani usijali sana. Kwa faili zitakazosafiri, tumia kistari.

Herufi kubwa na ndogo ziangalie pia. Kwa Linux, "Bajeti.xlsx" na "bajeti.xlsx" ni faili mbili zinazoweza kukaa folda moja. Kwa Windows, na kwa Mac yenye mpangilio wake wa kawaida, ni jina moja. Herufi ndogo tupu zinakuondolea shaka hiyo.

Na usishangae Windows ikigoma kuiita folda CON, AUX, PRN au NUL. Majina hayo yalitengwa kwa ajili ya vifaa tangu enzi za DOS, mfumo wa Microsoft uliotangulia Windows, na bado yamefungwa.

Jina liwe refu kiasi gani?

Refu kiasi cha kueleweka, fupi kiasi cha kusomeka bila kukatwa kwenye dirisha. Zamani DOS ilikupa herufi nane na tatu za kiendelezi (zile za mwisho baada ya nukta) basi, na majina marefu yakaja kwa watumiaji wa kawaida wa Microsoft na Windows 95. Leo mifumo mingi inakubali hadi herufi 255 kwa jina moja. Kinachowakwaza watu ni njia nzima: Windows kwa kawaida huhesabu diski, folda zote na jina la faili kwa pamoja, na kikomo kinachotumiwa na programu nyingi ni herufi 260. Folda saba zilizopachikana, kila moja na jina la maneno sita, zinakifikia kikomo hicho upesi. Hapo ndipo faili inapogoma kunakiliwa au kufunguka na wewe huelewi kosa liko wapi. Fupisha majina ya folda za juu kwanza.

Nipange folda kwa namna gani?

Panga kwa kazi, si kwa aina ya faili. Nimekuta mara nyingi folda nne zimepangwa vizuri: "Word", "Excel", "PDF", "Picha". Zinapendeza, lakini aina ya faili tayari inaonekana kwenye ikoni yake. Mradi mmoja una barua, jedwali la bajeti, mkataba na picha za eneo. Ukivitawanya kwa aina, utazunguka folda nne ili kumaliza jambo moja, na siku ya kumkabidhi mtu mradi huo utasahau kimoja.

Kosa la pili ni gumu zaidi kuliona, na ndilo linaloumiza. Ni kuchanganya vigezo kwenye ngazi moja. Tuseme folda kuu ina "Barua", "Wateja" na "2025". Barua kutoka kwa mteja iliyokuja mwaka 2025 inaingia wapi? Majibu matatu yote ni sahihi, kwa hiyo leo itaingia hapa, kesho pale, na keshokutwa mwenzako ataiweka pa tatu. Kila ngazi iwe na kigezo kimoja tu. Kama ngazi ya kwanza ni shughuli, zote ziwe shughuli. Ndani ya shughuli unaweza kugawa kwa miaka, na ndani ya mwaka kwa tukio. Kikundi kidogo kinaweza kuanza hivi:

00_pokezi
01_utawala
02_fedha
03_wanachama
04_vikao
90_zilizofungwa

Namba zinazipanga folda kwa utaratibu unaoutaka wewe badala ya alfabeti. Pengo kati ya 04 na 90 limeachwa makusudi, ili shughuli mpya ipate nafasi bila kuzibadilisha namba zote.

Folda ya "pokezi" inachukua nafasi ya ile "Mengineyo" ambayo kila kompyuta inayo. Tofauti yake ni kwamba pokezi huingiwa na kutokwa: kilichofika na hakijapangwa kinakaa hapo kwa siku chache, kisha kinapelekwa kwake. "Mengineyo" huingiwa tu. Kama unahitaji kuwa na mengineyo mengi, hiyo ni dalili kwamba kuna shughuli halisi unaifanya na hujaipa folda.

Kugawa kwa miaka kunafaa kwa mambo yanayofungwa na mwaka, kama hesabu na vikao. Mkataba wa miaka mitano usiukate vipande vitano. Upe folda yake.

Kwa kina, ngazi tatu au nne zinawatosha watu wengi. Na usitengeneze folda kabla faili hazijafika. Folda tupu ishirini zilizoandaliwa kwa matumaini zinampotezea muda kila anayezifungua.

Faili moja inastahili folda mbili. Niinakili?

Hapana. Nakala mbili zitakuwa faili mbili tofauti siku utakapoirekebisha moja. Iweke panapohusika zaidi, na kule kwingine weka njia ya mkato inayoielekea. Windows, Mac na Linux zote zina kitu hicho, na Google Drive nayo inacho.

Nifanyeje na "mwisho", "mwisho kabisa", "mwisho halisi"?

Acha kutabiri mwisho. Tumia namba: r01, r02, r03. Namba kubwa ndiyo ya karibuni, hakuna mjadala. Hati ikishakubaliwa au kusainiwa, itaje kwa tukio hilo: "_iliyosainiwa", na uihifadhi kama PDF, kisha rasimu zote uzitie kwenye folda ndogo inayoitwa "rasimu". Anayefungua folda akute hati moja usoni.

Maoni yakirudi kutoka kwa mtu, usibadilishe namba. Ongeza cheo chake: r03_maoni-ya-mhariri. Ukishayaingiza maoni hayo ndipo r04 inazaliwa. Utaratibu huu mdogo unaokoa ugomvi mwingi pale watu watatu wanaporekebisha hati moja kwa wakati mmoja.

Kama mnaandika kwenye Google Docs au kwenye OneDrive, historia ya matoleo inahifadhiwa na huduma yenyewe na mnaweza kurudi nyuma. Hapo hamhitaji faili kumi. Hifadhini nakala yenye namba pale tu mnapofika hatua ya maana, mfano siku hati inapopelekwa kwa mkubwa.

Eneokazi (desktop) na folda ya vipakuliwa vimejaa mamia ya faili. Nianzie wapi?

Usianze na zile za zamani. Watu hujaribu kupanga miaka sita kwa wikendi moja, wakachoka Jumamosi mchana, na Jumatatu vurugu inaendelea pale pale. Fanya hivi: tengeneza folda moja, iite "zamani_hadi-2025-06" au kwa tarehe yoyote ya siku hiyo, na uhamishie humo kila kitu kilichotapakaa. Kila kitu, bila kuchagua. Halafu tengeneza folda zako kuu chache, na kuanzia hapo kila faili mpya ipewe jina sahihi na mahali pake.

Faili ya zamani ukiihitaji, utaitafuta ndani ya "zamani", na ukiipata ipe jina zuri na uihamishe moja kwa moja. Kwa njia hiyo zile zinazotumika hujitoa zenyewe humo. Baada ya mwaka, zilizobaki utazitazama kwa macho mapya, na nyingi utaziacha bila uchungu.

Kwenye vipakuliwa, panga kwa ukubwa kwanza. Mara nyingi nafasi imeliwa na video chache na visakinishi vya programu ulizozisakinisha zamani, ambavyo vinaweza kupakuliwa tena vikihitajika. Kisha kibadilishe kivinjari chako kwenye mipangilio, kikuulize mahali pa kuhifadhi kila unapopakua. Hapo ndipo pa kuipa faili jina, wakati bado unakumbuka ni nini.

Picha je? Siwezi kuipa kila picha jina.

Wala hupaswi. Ipe jina folda: 2025-03-14_mahafali. Picha zilizomo zibaki na namba zake, labda zile chache utakazozichapisha au kuzituma.

Ila jihadhari na mambo mawili. Kamera huita picha IMG_0001 au DSC_0001 na kuendelea, na zikifika 9999 zinarudi mwanzo, kwa hiyo picha mbili tofauti kabisa zinaweza kuwa na jina moja. Kompyuta ikikuuliza kama ibadilishe iliyopo, usibofye "ndiyo" kwa mazoea. Chagua kuziweka zote mbili.

Jambo la pili ni tarehe. Kamera huiandika tarehe ya kupiga ndani ya picha yenyewe, na programu za picha hupanga kwa kuisoma hiyo. Picha iliyotumwa kama picha ya kawaida kwa WhatsApp hupoteza taarifa hizo na kupunguzwa ubora. Kama unakusanya picha za watu kwa ajili ya kumbukumbu, waombe wazitume kama waraka, siyo kama picha. Asili yake itafika nzima.

Nibadilishe vipi majina ya faili mia kwa mpigo?

Kwenye Windows, zichague zote, bonyeza F2, andika jina moja, kisha Enter. Zitapata jina hilo na namba kwenye mabano. Ukitaka zaidi ya hapo, Microsoft inatoa bure kifurushi cha PowerToys, na ndani yake mna PowerRename inayoweza kutafuta neno fulani kwenye majina yote na kulibadilisha. Finder ya Mac inayo kazi hiyo tayari: zichague, bofya kitufe cha kulia, chagua kubadilisha majina. Linux ina programu kadhaa za namna hiyo, mojawapo ikiwa amri inayoitwa rename.

Jaribu kwanza kwenye nakala ya faili tano. Ukikosea kwenye Windows au Mac, tendua papo hapo kwa Ctrl+Z au Command+Z, kabla hujafanya jambo jingine.

Zile herufi za mwisho, .docx au .pdf, niziache au nizifute?

Ziache, na zaidi ya hapo zifanye zionekane. Kiendelezi ndicho kinachoiambia kompyuta programu ipi ifungue faili. Kukibadilisha kwa mkono hakuigeuzi hati kuwa PDF, kunaifanya tu isifunguke.

Windows kwa kawaida huvificha viendelezi, na hilo liliwahi kuugharimu ulimwengu. Mei 2000, kirusi cha ILOVEYOU kilisambaa kwa barua pepe kikiwa na kiambatisho kilichoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Kompyuta zilizoficha viendelezi zilionyesha mpaka .TXT tu, na watu wakaifungua wakidhani ni maandishi matupu, kumbe ni programu. Hila hiyo haijazeeka. Ukiona "ankara.pdf.exe", usiifungue, na hutaiona kama viendelezi vimefichwa. Nenda kwenye menyu ya mwonekano ya dirisha la faili, uvionyeshe leo hii.

Tunafanya kazi wengi kwenye folda moja. Tutakubalianaje?

Andikeni makubaliano yenu kwenye faili fupi ya maandishi matupu, iiteni 00_SOMA-KWANZA.txt, muiweke juu kabisa ya folda kuu. Iwe ukurasa mmoja tu: sehemu za jina zinafuatana vipi, vifupisho vyenu vina maana gani, kipi kinakwenda folda ipi, na mfano mmoja au miwili ya majina sahihi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na faili za ofisi ni mali. Karani mpya akiisoma hiyo kabla ya kuanza kazi, hatahitaji kukisia.

Awepo mtu mmoja mwenye jukumu la kupitia folda hiyo kila mwezi na kurekebisha yaliyopotoka. Kamati haiwezi kazi hii. Mtu mmoja anaiweza kwa nusu saa.

Nina faili nyingi zilizojirudia. Nizifute vipi kwa usalama?

Usifute kwa kutazama majina. Faili mbili zenye jina moja zinaweza kuwa tofauti, na zenye majina tofauti zinaweza kuwa kitu kile kile. Programu kama dupeGuru na Czkawka, zote za bure, hulinganisha yaliyomo ndani. Zielekeze kwenye folda zako binafsi tu, kamwe si kwenye folda za mfumo.

Faili zangu zote ziko kwenye hifadhi ya wingu. Bado nahitaji nakala rudufu?

Ndiyo. Hifadhi ya wingu inayolandanisha huiga unachofanya. Ukifuta kwenye kompyuta, inafuta na kwenye simu, na ukiharibu jedwali, uharibifu unasambaa pia. Kwenye Google Drive, kilichotupwa kwenye taka hufutwa moja kwa moja baada ya siku 30, na ni rahisi kugundua siku ya 31 kwamba ulikihitaji.

Wapiga picha na wahifadhi wa kumbukumbu hufuata kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikiwa mahali pengine kabisa. Kompyuta, diski ya nje na wingu vinaitimiza. Diski ya nje ichomoe ukishamaliza kunakili, kwa sababu kirusi kinachofunga faili hufunga kila kilichochomekwa.

Je, jina la faili linaweza kutoboa siri?

Linaweza, na wengi hawalifikirii. Faili ya ZIP, yaani faili kadhaa zilizofungashwa kuwa moja, iliyofungwa kwa nenosiri kwa kawaida huonyesha majina ya vilivyomo hata kwa asiyejua nenosiri. Majina huonekana pia kwenye orodha ya faili za karibuni, na ukutani unapounganisha projekta. Usiandike jina la mgonjwa, ugonjwa wake, mshahara wa mtu au namba ya kitambulisho kwenye jina. Tumia namba ya rejea, na orodha inayounganisha namba hizo na watu iwekwe mbali, imefungwa.

Nikihamisha folda, kuna kitu kitaharibika?

Hati za kawaida hazidhuriki. Kinachovunjika ni viungo. Jedwali la Excel linalovuta takwimu kutoka jedwali jingine, mradi wa kuhariri video unaotegemea vipande vilivyo kwenye folda nyingine, na njia za mkato, vyote hukumbuka mahali pa zamani. Viungo vya kushiriki vya Google Drive huwa salama, kwa kuwa vinafuata utambulisho wa faili wala si mahali ilipo. Folda za Windows na za programu zilizosakinishwa usiziguse hata kidogo.

Kwa miradi ya video, tumia kwanza amri ya kukusanya vilivyotumika pamoja, ambayo programu nyingi za uhariri zinayo. Hamisha folda iliyopatikana, ifungue kule ilikofika, cheza video kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ndipo ufute ile ya zamani.